Mtoto wa darasa la pili na shule ya kwenye simu, tuambiane ukweli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na safari hii naomba msinikate sana, ile ya mitaro ya Ngamiani mlibakiza salamu na jina la mtaa tu.

Siku chache nyuma mlitoa barua ya mzazi mmoja wa Dar, anasema kawatoa wanawe shule, mmoja ana miaka saba mwingine tisa, saizi wanasoma nyumbani kwa madarasa ya mtandaoni ya huko nje, mwalimu yuko Marekani mtoto yuko sebuleni, analipa kwa dola kila mwezi, akamalizia kwa kuwaambia wazazi wote wenye uwezo wafanye hivyo hivyo maana shule zetu zimejaa na mwalimu hamjui mtoto kwa jina. Hapo kwenye kujaa simbishii. Ila toka barua ile itoke nimeshaletewa simu na vishikwambi na wazazi wa hapa Tanga wanaotaka niwawekee "ile shule ya kwenye gazeti", wengine mtoto ndo kwanza anaingia la kwanza, kwa hiyo nimeona niseme ninachokijua.

Mimi ni fundi simu, kibanda changu kiko Ngamiani. Mwalimu ni mke wangu, kafundisha chekechea miaka mingi mpaka alipoacha ili akae na mtoto wa dada yangu ambaye ana seli mundu. Huyu mtoto maumivu yakimshika anaweza kulala hospitali ya Bombo wiki nzima, akirudi shuleni wenzie wameshavuka kurasa kibao, ndo ikaamuliwa asomee nyumbani siku ambazo hawezi kwenda, na mwalimu mkuu anajua, na jina lake lipo kwenye rejista kama kawaida. Kwa hiyo mtu asije akasema huyu fundi anapinga watoto kusomea nyumbani, kwangu wanasoma, na simu inatumika, tena sana. Ninachopinga ni kumkalisha mtoto wa miaka saba mbele ya kioo, mwalimu yuko bara jingine, mama yuko jikoni, halafu mnaita hiyo ni shule.

Niwape mfano niliouona kwa macho yangu. Mama mmoja alikuja kibandani na kishikwambi cha mwanawe hakitoi sauti, na darasa lilikuwa linaanza muda huo huo, akaniomba nimuwashie waifai yangu mtoto asipitwe. Tatizo lenyewe lilikuwa ncha ya penseli imevunjikia kwenye tundu la hedifoni, kishikwambi kinadhani kimechomekwa hedifoni muda wote, nikaitoa na sindano, sauti ikarudi. Mtoto akakaa kwenye kigoda changu akaendelea na darasa lake la moja kwa moja, na mimi naendelea na kazi ila sikio liko kule. Somo lilikuwa majira ya mwaka. Mwalimu anaonyesha picha za theluji, mara majani yanageuka rangi yanaanguka, anauliza kwenu majani yanageuka rangi mwezi gani. Huyu wa kwetu akanyoosha mkono. Kaunyoosha kweli kweli, juu, kidole kimoja, kama watoto wanavyofundishwa, mwili mzima unataka kuruka. Sasa kamera imeangalia bati la kibanda, mwalimu anaona paji la uso na feni, na yeye anasubiri ile alama ya mkono ya kubonyeza, basi akawapa nafasi wengine. Mkono ukakaa juu mpaka ukachoka ukashuka wenyewe. Nikamuuliza ulitaka kusema nini, akasema kwao kuna mkungu unatoa majani mekundu.

Na ni kweli, mkungu ndo mti wetu unaogeuza majani mekundu kabla hayajaanguka, umejaa Tanga nzima, mtoto alikuwa na jibu zuri kuliko yote yaliyotolewa mle ndani na hakuna aliyelisikia. Mtu mzima angekuwa kakaa pembeni yake hata kama hajui Kiingereza angemsogezea kamera tu, angembonyezea ile alama. Na angemwambia mwanangu hayo ya theluji ni ya kwao, sisi tuna masika na vuli, tuna kaskazi na kusi, muulize babu yako pale Deep Sea kusi ikivuma wavuvi wanafanyaje. Hilo nalo ni somo la majira.

Nirudi kwenye ufundi maana hapo ndo ninapojidai. Darasa la moja kwa moja, kwa Zoom au nyinginezo, linakula bando vibaya mno, saa moja ya picha na sauti inaweza kumaliza karibu GB moja na ikiwa picha safi inapita hapo. Piga mara siku tano za wiki, piga mara watoto wawili. Ile Zoom ya bure nayo inakata dakika 40, kwa hiyo wale tuisheni wa mtaani wanaofundisha kwa ya bure inabidi watoke waingie tena, na mtoto wa miaka saba ukishamtoa umemtoa, kurudi anarudi kaongozana na paka. Hapo umeme haujakatika. Na mnakumbuka Mei 2024 nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilivyopata hitilafu huko upande wa kusini, intaneti ikawa inatambaa nchi nzima na majirani zetu pia, siku zile nilikaa kibandani watu wananiletea simu nzima kabisa wanasema imekufa. Shule inayosimama kwa sababu waya umekatika karibu na Afrika Kusini mi siielewi, labda kwa mtu mzima anayesoma digrii, yeye atasubiri, mtoto anayejifunza silabi akikaa siku nne anaanza upya.

Halafu kuna saa. Hili wazazi hawalifikirii mpaka wameshalipa. Saa tatu asubuhi ya New York kwetu ni saa kumi jioni, na ikifika Novemba wakirudisha saa zao nyuma inakuwa saa kumi na moja, mwezi Machi inarudi saa kumi. Sasa hapa Tanga saa kumi jioni mtoto yuko wapi? Yuko chuoni, madrasa. Alasiri imeswaliwa, amebeba juzuu yake, na baada ya hapo ndo muda wa kucheza mpira mpaka magharibi. Ukimuingiza kwenye Zoom saa hiyo kuna mawili, au umemuachisha chuo au umemnyima mpira, na Shirika la Afya Duniani linasema watoto wa miaka mitano mpaka 17 wanatakiwa angalau dakika 60 za kutoa jasho kila siku. Madarasa ya Uingereza yana nafuu, saa tatu ya London kwetu ni saa sita mchana au saa tano kutegemea na majira yao, ila saa sita mchana ya Tanga mwezi wa pili kwenye nyumba ya bati, mtoto na kishikwambi wote wanapata moto, na kishikwambi kikipata moto kinajizima, ndo mnaniletea mnasema betri mbovu.

Na hizo bado ni shida za mashine. Kinachoniuma zaidi ni ninachokiona watoto wenyewe wakija na wazazi wao. Kuna mmoja anakuja na baba yake, ana miaka minane, Kiingereza anaongea kama wale vijana wa YouTube, anakusalimia kwa mbwembwe hadi unacheka. Siku moja nikampa boksi la chaja nikamwambia nisomee hapa, palikuwa pameandikwa "chaji ya haraka". Hakuweza. Akaniambia herufi moja moja kwa Kiingereza, si, echi, ei, akakwama. Baba akasema atasoma tu mbele ya safari, saizi yuko na programu ya kimataifa. Sawa, ila Kiswahili kinasomeka kwa silabi, ba be bi bo bu, mtoto akishaelewa hiyo ndani ya muda mfupi anasoma chochote kilichoandikwa ukutani, kwenye daladala, kwenye pakti ya chumvi, ni zawadi ambayo mtoto wa Kiingereza hana maana kwao herufi ile ile inasomwa sauti tatu tofauti. Sasa sisi tunaiacha hiyo zawadi tunakwenda kununua ugumu wa wenzetu kwa dola. Na penseli hajui kuishika vizuri, kidole kimezoea kuteleza kwenye kioo.

Watu wananitajia Khan Academy, yale masomo ya video ya mtandaoni, kila siku. Ni kitu kizuri sana na ni cha bure, mimi mwenyewe nimewashushia watu. Ila angalieni kilivyoanza. Huyo Salman Khan aliyeianzisha, mwaka 2004 alikuwa anamsaidia binamu yake Nadia hesabu, mmoja yuko Boston mwingine New Orleans, kwa simu na kompyuta, na yule binti alikuwa na miaka 12, kusoma anajua, kuandika anajua, kukaa kitini anajua. Alikuwa na mtu wake, wanaongea wawili. Video zilikuja baadae. Wale wadogo wana ya kwao, inaitwa Khan Academy Kids, ya miaka 2 mpaka 8, bure na haina matangazo, naipenda, ila ni ya Kiingereza, na nayo inataka mtu pembeni wa kumwambia mtoto sasa funga tuandike kwenye daftari.

Sasa kuna jambo watu wa Tanga mmelisahau au hamkuambiwa, na ndo hasa lililonifanya nishike kalamu. Haya mambo ya mtoto kusoma kwa kishikwambi bila darasa yameshajaribiwa. Hayakujaribiwa Ulaya wala Marekani, yamejaribiwa hapa hapa mkoani kwetu. Lilikuwa shindano la dunia linaitwa Global Learning XPRIZE, hela zake alitoa Elon Musk, na kuanzia mwishoni mwa 2017 kwa miezi 15 walichukua watoto karibu 2,700 kwenye vijiji kama 170 vya mkoa wa Tanga, wakawapa vishikwambi vilivyotolewa na Google, vinachajiwa kwa sola pale pale kijijini, serikali yetu ikiwemo pamoja na UNESCO na Shirika la Chakula Duniani. Ndani yake kulikuwa na programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu. Haikuhitaji bando wala Zoom. Watoto asilimia 74 walikuwa hawajawahi kukanyaga shule, na zaidi ya asilimia 90 walikuwa hawawezi kusoma hata neno moja la Kiswahili. Miezi 15 ilipoisha ile idadi ya wasioweza ikapungua kwa nusu. Mei 2019 kule Los Angeles wakatangaza washindi wawili, Kitkit School na onebillion, wakagawana dola milioni 10.

Mtu anaweza kulisoma hilo akasema unaona sasa, kishikwambi kinafundisha, shule ya nini. Ngoja kwanza, angalia ile nusu nyingine. Programu bora kabisa, zilizochujwa kutoka timu za dunia nzima zikabaki tano, zimetengenezwa kwa lugha ya mtoto mwenyewe, miezi 15 mfululizo, na bado wengi wamebaki palepale. Kwa mtoto wa kijijini ambaye hana shule karibu, ile nusu iliyosoma ni mafanikio makubwa, mi navua kofia. Ila kwa mzazi wa Chumbageni mwenye shule hatua mia mbili kutoka mlangoni, anayemtoa mtoto kwa hiari yake, hiyo nusu nyingine ndo ya kuangalia, mwanao anaweza kuwa humo. Na wale walikuwa na programu ya Kiswahili iliyopimwa, wewe unampa ya kigeni isiyomjua.

Na kinachonishangaza zaidi, zile programu zote tano za fainali ziliachiwa bure, mtu yeyote anaruhusiwa kuzichukua, kuzitumia, hata kuzitengeneza upya. Za Kiswahili! Zimejaribiwa Tanga! Halafu mzazi wa Tanga anakuja kwangu ananiambia nimuunganishe na mwalimu wa mbali kwa dola. Nikimwambia kuna hizi hapa bure anakunja uso, cha bure anadhani ni cha masikini.

Niseme na tunavyofanya nyumbani. Tunachosifia kwetu ni kwamba hakitumii intaneti wakati mtoto anasoma. Usiku bando likiwa rahisi nashusha vipindi vifupi vifupi, vya dakika saba nane, mke wangu ndo anachagua, naviweka kwenye memori kadi, asubuhi kishikwambi kinawekwa hali ya ndege. Hapo hakuna tangazo la kubeti linaruka katikati ya hesabu (na hayo yanaruka jamani, wazazi mnaowapa watoto YouTube iliyofunguliwa kwa akaunti yenu fungueni historia mkaone), hakuna video inayojichezesha yenyewe baada ya ile, na simu yenye hela za M-Pesa inabaki mfukoni kwa mwenyewe. Mtoto anaangalia kipande, mke wangu anasimamisha, anamuuliza, umeona nini, anaeleza kwa mdomo wake. Kile cha kujumlisha makundi ya tano tano alikiangalia mara moja hakuelewa kitu, mke wangu akafunga kishikwambi akamwaga machungwa ya Muheza kwenye mkeka akamwambia panga mafungu kama ya muuza pale sokoni, matano matano. Akapanga. Fungu moja likabaki na matatu, akasema hili haliuziki. Akaambiwa basi andika, mafungu mangapi yanauzika na mangapi yamebaki, akaandika kwenye daftari, ndo kishikwambi kikafunguliwa tena akarudia kile kipande anacheka, kwamba kumbe walikuwa wanasema hivi. Kioo kilifanya kazi ndogo, machungwa yalifanya kubwa, na mtu mzima ndo aliyejua saa ya kubadilisha.

Kwa siku kioo hakizidi nusu saa na ushee. Kuna siku hakiwashwi kabisa. Siku mtoto ana maumivu kinakuwa na faida nyingine, anaweza kulala akasikiliza hadithi kwa sauti bila kukaza macho, hapo nakubali hakuna daftari linaloweza kufanya hivyo.

Vitabu navyo vipo. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba yake mtandaoni yenye vitabu vya kiada vyenyewe vinavyotumika shuleni, bure, mzazi anafungua anasoma na mwanae, na mtu akiwa na simu kioo kidogo aende steshenari wamtolee kurasa anazotaka. Huu ndo mtandao wa kumsaidia mtoto wa la kwanza na la pili, unachukua kitu mtandaoni kisha unaachana nao.

Lingine ambalo yule mzazi wa Dar hakuligusa hata kwa kidole ni sheria. Sheria ya Elimu ya 1978 inasema mtoto akifika miaka saba lazima aandikishwe shule ya msingi na ahudhurie. Yale madarasa anayolipia yametengenezwa kwa wazazi wa kwao, Marekani kusomesha nyumbani kunaruhusiwa majimbo yote 50 na kila jimbo lina masharti yake, Afrika Kusini wameliweka kwenye sheria yao ya shule ya 1996 mzazi anasajili mtoto, na Ujerumani ukijaribu kumtoa mtoto shule kwa staili hiyo unaitwa mahakamani. Kwetu mtoto asiye na shule hana wa kumsajili mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, na hapa katikati mambo yamebadilika, mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa awali, la kwanza na la tatu, elimu ya msingi inakuwa miaka sita, mwaka 2027 la sita na la saba wanamaliza pamoja. Mtoto uliyemuondoa akiwa la tatu 2024 ukaja kumrudisha 2027 anakuta wenzie wako kwenye chumba cha mtihani. Kwa hiyo nyie mnaotaka kusomeshea nyumbani, kwa ugonjwa au kwa kuhamahama au kwa sababu zenu, nendeni mkaongee na mwalimu mkuu, jina libaki, majaribio afanye. Mwalimu mkuu tuliyemwendea sisi alitupokea vizuri tu, alichotaka ni cheti cha hospitali na mtoto aonekane.

Kuna watakaosema mbona 2020 watoto wote walisomea nyumbani na maisha yakaendelea. Jamani. Shule zilifungwa Machi 17, za msingi zikafunguliwa Juni 29, hapo katikati kulikuwa na vipindi vya redio na televisheni kwa wenye navyo, na muulizeni mwalimu yeyote wa darasa la kwanza wa mwaka ule aliwapokeaje watoto waliporudi. Waliokuwa na dada au babu wa kuwakalia walirudi wanasoma. Wengine walirudi wamenenepa tu, na wengine wamekonda.

Ombi langu kwa wahusika, na ndo nawaomba msilikate hili. Walimu wetu waligawiwa vishikwambi baada ya sensa ya Agosti 2022. Vingi bado vinafanya kazi, najua maana vinapita mkononi mwangu. Zile programu za Kiswahili za bure zilizojaribiwa kwenye vijiji vyetu ziwekwe humo, na ziwekwe kwenye ofisi za kata na maktaba ya mkoa, mzazi mwenye mtoto mgonjwa au mlemavu asiyeweza kufika shule aende na memori kadi yake aondoke nazo bila kuunguza bando. Hii haihitaji mfadhili wala semina yenye posho. Inahitaji mtu mmoja mwenye kompyuta na jioni moja. Na wizara itoe waraka wa lugha nyepesi useme mzazi anayesomesha nyumbani kwa sababu za afya afanye nini, aandike wapi, mtoto apimwe lini, maana saizi kila mtu anafuata huruma ya mwalimu mkuu aliyempata, na sio wote watapata kama wetu.

Kwa yule mzazi wa Dar sina ugomvi naye, hela yake na watoto wake. Namuuliza tu kitu kimoja, saa ya darasa wewe unakuwa umekaa wapi? Kama ni kiti cha pembeni basi mwalimu ni wewe na yule wa Marekani anakusaidia, endelea, ila usiwaambie watu ni ile dola iliyofanya kazi. Kama ni chumba kingine, siku moja ingia kimya kimya ukaangalie kamera yake imeelekea wapi.

Na nyie wa hapa Tanga mnaokuja kuniulizia shule ya kwenye gazeti, ninazo zile programu mbili zilizoshinda, nakuwekea bure, hela yangu nitaipata kwenye vioo mnavyovunja. Uje na memori kadi yako mwenyewe, angalau GB 16, na isiwe zile feki za jalada jekundu zinazouzwa stendi ya Kange maana zinaandika 64 ndani ina nne. Chaji ifike nusu. Na msije Ijumaa kati ya saa sita na saa nane, nakuwa nimefunga.

Wenu,
Fundi simu,
Ngamiani, Tanga